Mfalme Faisal na mfereji wa mafuta: alifunga lini, na kwa nini akafungua



Kila tarehe 14 ya mwezi, ikifika jioni, watu wa Mombasa husubiri jambo moja: bei mpya ya mafuta. Husubiri dereva wa tuktuk, husubiri mvuvi mwenye boti ya mashine, husubiri na mama anayepikia mafuta ya taa. Bei ikishatangazwa, mazungumzo huhamia barazani, na kahawa ikipita mara ya pili hufika Mashariki ya Kati. Hapo ndipo jina la marehemu Mfalme Faisal wa Saudia hutajwa. Tangu vita vya Gaza vianze mwaka 2023 limetajwa zaidi. Vijana hutumiana picha yake kwa simu, uso mkavu, pua kama ya mwewe, na chini ya picha maneno makali wanayodai aliyasema. Kisha mmoja huuliza: mbona viongozi wa leo hawafungi mfereji wa mafuta kama alivyofunga yeye?

Leo nataka tuyaweke kando maneno anayobandikwa, tuangalie aliyoyatenda. Maisha ya mtu huyu yana funzo kubwa kuhusu nchi kutumia bidhaa yake kama silaha, na baadhi ya funzo hilo linatuhusu sisi tunaokaa kando ya bandari hii.

Faisal bin Abdulaziz alizaliwa Riyadh mwaka 1906. Baba yake, Abdulaziz, ambaye dunia ilimjua kwa jina la Ibn Saud, alikuwa bado anapigania kuyaunganisha makabila ya Bara Arabu. Mama yake, Tarfa, alitoka katika ukoo wa Al Sheikh, kizazi cha Sheikh Muhammad bin Abdulwahhab. Mama huyo alifariki mtoto akiwa mdogo, naye akalelewa na babu yake mzaa mama, aliyekuwa mwanachuoni mkubwa wa Riyadh. Kwa babu alisoma Qur'an na dini, na alizoea maisha ya kujibana. Tabia hiyo haikumtoka hata alipokuja kukalia utajiri mkubwa kupita kiasi.

Mwaka 1919, akiwa na umri wa miaka 13 tu, baba yake alimtuma Uingereza badala yake. Mtoto wa jangwani aliingia London ya baridi na moshi, kisha akapelekwa Ufaransa kuona viwanja vya Vita Kuu vilivyokuwa vimemalizika punde. Tangu hapo kazi yake ikawa kuzungumza na wageni kwa niaba ya nyumba yake. Hijazi ilipoangukia mikononi mwa baba yake, Faisal alifanywa mwaka 1926 kuwa naibu wake huko, akisimamia Makka, Madina na Jeddah. Mwaka 1930 akawa waziri wa mambo ya nje, na ukiondoa kipindi kifupi, alishika wizara hiyo hadi kufa kwake.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Siku hizo Saudia haikuwa na mafuta. Pato lake kubwa lilikuwa mahujaji, na dunia ilipopatwa na mdororo wa uchumi miaka ya 1930, mahujaji walipungua na hazina ikakauka. Mwaka 1932 Faisal alikwenda Moscow kwa ziara rasmi, na miongoni mwa mambo yaliyokuwa mezani ni deni la ufalme kwa mafuta ya Kisovieti yaliyoletwa kwa mkopo. Mtu ambaye miaka 41 baadaye angeitikisa dunia kwa kuzuia mafuta aliwahi kuwa mdaiwa wa mafuta. Alijua jinsi mnunuzi anavyokaa mbele ya muuzaji.

Mwaka uliofuata, 1933, ufalme ulitia saini mkataba na kampuni ya Kimarekani ya Standard Oil of California. Walitafuta miaka mitano bila matokeo ya kutosha, hadi mwaka 1938 kisima namba 7 cha Dammam kilipotoa mafuta ya kuuzika. Kampuni iliyotokana na mkataba huo ndiyo Aramco. Kumbuka jina hilo, tutarudi kwake.

Baada ya Vita vya Pili, Faisal alikuwa San Francisco mwaka 1945, akatia saini Mkataba wa Umoja wa Mataifa kwa niaba ya nchi yake. Mwaka 1947 aliongoza tena ujumbe wa Saudia, safari hii katika kikao kilichopiga kura ya kuigawa Palestina. Marekani ilishinikiza nchi nyingine ziunge mkono mgawanyo, na kura ikapita. Faisal alirudi nyumbani na uchungu mkubwa. Alitaka nchi yake ivunje uhusiano na Marekani. Baba yake alikataa, kwa sababu ufalme ulihitaji fedha za mafuta, na fedha hizo zilipitia kwa Wamarekani. Faisal alinyamaza, lakini hakusahau.

Ibn Saud alifariki Novemba 1953. Mwanawe mkubwa, Saud, akawa mfalme, na Faisal akawa mrithi wa kiti. Saud alikuwa mkarimu, mwenye mkono wazi, akajenga majumba ya kifalme huku madeni yakirundikana. Ilipofika 1958 hali ya hazina ilikuwa mbaya kiasi kwamba familia ilimkabidhi Faisal madaraka ya serikali. Alikata matumizi, akalipa madeni, akaweka bajeti inayoeleweka. Ndugu wawili hao walivutana kwa miaka. Faisal akajiuzulu mwishoni mwa 1960, akaitwa tena 1962, na tarehe 2 Novemba 1964 familia na wanazuoni walimwondoa Saud na kumtawaza Faisal.

Mwaka 1962, akiwa waziri mkuu, serikali yake ilipiga marufuku utumwa. Kwetu Pwani jambo hilo si dogo, maana majahazi yaliyosafiri baina ya mwambao huu na Bara Arabu hayakubeba boriti na tende peke yake, na historia hiyo ina watoto na wajukuu mpaka leo. Yeye na mkewe Iffat pia walifungua milango ya elimu ya wasichana. Iffat alianzisha shule ya Dar al-Hanan, Jeddah, mwaka 1955. Serikali ilipofungua shule ya wasichana Buraydah, wazee wa mji huo walipinga kwa nguvu. Faisal alipeleka askari wailinde shule, lakini hakumlazimisha mzazi yeyote apeleke binti yake. Polepole wazazi walewale wakaanza kutafuta nafasi. Ndivyo alivyofanya kazi: husimama imara, kisha humwachia mwenzake njia ya kurudi.

Televisheni nayo ilileta balaa. Mwaka 1965 kundi la watu walioiona kuwa haramu walishambulia kituo cha matangazo Riyadh. Kiongozi mmoja wao alikuwa Khalid bin Musaid, mtoto wa nduguye Faisal, naye aliuawa kwa risasi ya polisi. Mfalme hakumwadhibu polisi aliyefuata sheria. Mkasa huu nao tutakutana nao tena.

Sasa tufike kwenye mfereji.

Watu wengi hudhani Faisal alifunga mafuta mara moja, mwaka 1973, na dunia ikatetemeka. Ukweli ni kwamba Waarabu walijaribu kwanza mwaka 1967, na wakashindwa. Vita vya Juni mwaka ule vilipoanza, nchi za Kiarabu zilitangaza kutowauzia mafuta Marekani na Uingereza. Haikusaidia kitu. Marekani wakati ule ilikuwa na visima vya akiba, hasa Texas, ambavyo vilikuwa vikizuiwa kusukuma kwa nguvu zote ili bei isianguke. Ilivifungulia tu. Iran na Venezuela nazo zikauza zaidi. Waliopata hasara ni Waarabu wenyewe, waliokosa mapato huku wateja wao wakinunua duka la jirani. Ilipofika mkutano wa Khartoum, mwisho wa Agosti, vikwazo viliondolewa. Badala yake Saudia, Kuwait na Libya zilikubali kuzisaidia Misri na Jordan kwa fedha. Fungu la Saudia likawa pauni milioni 50 kwa mwaka. Faisal alikubali hilo pamoja na kwamba yeye na Rais Nasser wa Misri walikuwa wamepimana nguvu kwa miaka mitano huko Yemen.

Funzo la 1967 lilimkaa rohoni: silaha ya mafuta ni bure ikiwa mnunuzi ana duka jingine. Tangu hapo, kila alipoulizwa na ndugu zake Waarabu kwa nini haitumii, alijivuta. Wako waliomwita mwoga, na wako waliosema ni kibaraka wa Marekani.

Agosti 1969 moto uliwashwa ndani ya Msikiti wa Al-Aqsa na mtu mmoja kutoka Australia. Waislamu dunia nzima walishtuka. Faisal alikuwa mstari wa mbele kuitisha mkutano wa viongozi wa Kiislamu mjini Rabat mwezi uliofuata, na kutoka hapo ikazaliwa jumuiya ya nchi za Kiislamu tunayoijua leo kama OIC, yenye makao yake Jeddah. Alianza pia kuzunguka Afrika. Mwaka 1972 alitembelea Uganda, Chad, Niger, Senegal na Mauritania, akitafuta marafiki.

Wakati huo huo soko lilikuwa linageuka. Marekani ilifikia kilele cha uzalishaji wake mwaka 1970, kisha ikaanza kushuka. Mwaka 1972 Texas iliruhusu visima vyake visukume kwa uwezo wote, maana yake akiba imekwisha. Ilipofika 1973 zaidi ya theluthi moja ya mafuta yaliyotumika Marekani yalitoka nje, na Saudia ilikuwa inasukuma zaidi ya mapipa milioni 8 kwa siku. Duka la jirani lilikuwa limefungwa. Faisal aliliona hilo mapema. Mwezi wa Mei mwaka ule aliwaonya wakuu wa kampuni za Aramco kwamba subira yake inaisha, na kwamba wasipoisukuma serikali yao ibadili msimamo wake, biashara yao iko hatarini. Walipeleka salamu Washington. Hakuna aliyezijali.

Tarehe 6 Oktoba 1973, mwezi wa Ramadhani, Misri na Syria zilishambulia majeshi ya Israel kwenye ardhi zao zilizotekwa 1967. Rais Sadat alikuwa amemwendea Faisal Agosti, na Faisal alikuwa tayari amemwahidi kumuunga mkono. Hata hivyo, angalia alivyokwenda hatua kwa hatua.

Tarehe 16 Oktoba, nchi za Ghuba zilikutana Kuwait na kupandisha bei kutoka dola 3.01 kwa pipa hadi dola 5.11. Kesho yake mawaziri wa mafuta wa Kiarabu wakaamua kupunguza uzalishaji kwa asilimia 5 kila mwezi, hadi Israel itoke ardhi za Waarabu. Faisal bado hakuifungia Marekani kabisa. Aliacha mlango wazi kidogo. Tarehe 19 Oktoba Rais Nixon aliliomba Bunge lake dola bilioni 2.2 za kuisaidia Israel kwa silaha. Tarehe 20 Saudia ilifunga: hakuna tone kwa Marekani. Uholanzi nayo ilifungiwa kwa kuegemea upande wa Israel, na bandari yake ya Rotterdam ndiyo iliyopokea sehemu kubwa ya mafuta ya Ulaya. Mwezi Novemba, katika mkutano wa viongozi wa Kiarabu Algiers, waliongezwa Ureno, Rhodesia na Afrika Kusini, kwa heshima ya Waafrika waliokuwa wamevunja uhusiano na Israel. Kenya na Tanzania zilikuwa miongoni mwao.

Ni nani aliyetekeleza amri hiyo? Ni Aramco, kampuni ambayo sehemu kubwa ya hisa zake bado zilikuwa za Wamarekani. Saudia ilikuwa imechukua asilimia 25 tu mwaka uleule. Kampuni za Marekani zilihesabu meli moja moja na kuhakikisha mafuta hayaendi Marekani. Kama zingekataa, zingepoteza visima vyote. Huo ndio uzito wa mtu mwenye bidhaa isiyo na mbadala.

Dunia tajiri iliumia. Wamarekani walipanga foleni kwenye vituo vya petroli, na mwendo wa magari barabara kuu ukawekewa kikomo cha maili 55 kwa saa. Waholanzi walipigwa marufuku kuendesha magari Jumapili, barabara zikajaa baiskeli. Nchi za Soko la Pamoja la Ulaya zilitoa tamko Novemba la kutambua haki za Wapalestina, na Japani ikafuata kwa kubadili msimamo wake. Kwa mara ya kwanza watu wa jangwani walisikilizwa na wakubwa.

Lakini turudi nyumbani, ndugu msomaji, kwa sababu hapa ndipo hadithi ya barazani huishia, nayo haijaisha.

Mwezi Desemba, mjini Tehran, nchi za Ghuba zilipandisha bei tena, hadi dola 11.65 kwa pipa kuanzia Januari 1974. Aliyeisukuma zaidi bei hiyo ni Shah wa Iran, na Saudia haikuipenda. Lakini ilipopita ilipita. Katika miezi mitatu, bei ilikuwa imekaribia kuwa mara nne. Na bei haichagui. Vikwazo viliwalenga Marekani na Uholanzi, ila pipa lililokuja Changamwe kusafishwa lilipanda kama pipa la Ulaya. Kenya haikuwa na kisima, Tanzania haikuwa na kisima. Tulikuwa tumesimama na Waarabu, tumevunja uhusiano na adui wao, na bado tulilipa bei ileile. Mafuta ya taa yalipanda, nauli zikapanda, mbolea ikapanda. Mmarekani alipunguza mwendo wa gari. Masikini wa Afrika hakuwa na gari la kupunguza mwendo. Wapiganapo tembo, nyasi ndizo huumia.

Serikali za Afrika ziliomba zipunguziwe bei. Nchi za mafuta zilikataa kuweka bei mbili, zikihofia mafuta ya bei nafuu yatauzwa tena kwa walioko kwenye vikwazo. Badala yake ziliahidi misaada na mikopo, na kwa uamuzi wa Algiers ikaundwa benki ya Kiarabu ya maendeleo ya uchumi wa Afrika, yenye makao Khartoum, iliyoanza kazi 1975. Misaada ilikuja, shule na misikiti ikajengwa, Mwenyezi Mungu awalipe waliotoa. Lakini mkopo ni mkopo, na deni la miaka ile nchi zetu nyingi zilikuja kulibeba muda mrefu.

Je, Faisal alipata alichotaka? Alipata nusu, pengine chini ya nusu. Marekani ililazimika kuhangaika: waziri wake Kissinger aliruka kutoka mji mmoja hadi mwingine, na Januari 1974 Misri na Israel zikakubaliana kutenganisha majeshi kando ya mfereji wa Suez. Sadat aliomba vikwazo viondolewe. Faisal alipima. Kuendelea kubana kungeivunja biashara ya dunia, na fedha za Saudia zilikuwa kwenye mabenki ya hao hao anaowabana. Alihofia pia kwamba Magharibi ikidhoofika sana, Wakomunisti ndio watakaofaidi, na aliwachukia kama alivyoichukia dhulma ya Palestina. Tarehe 18 Machi 1974 mfereji ulifunguliwa. Libya na Syria hazikuridhika. Miezi mitatu baadaye, Juni, Saudia na Marekani zilitia saini makubaliano ya ushirikiano wa uchumi, na fedha nyingi za mafuta zikarudi kununua bidhaa na amana za Kimarekani.

Baitul Maqdis ilibaki ilivyokuwa. Faisal alitamani sana kuswali Al-Aqsa ikiwa huru, na hakujaaliwa.

Tarehe 25 Machi 1975, mwaka mmoja na wiki moja baada ya kuufungua mfereji, alikuwa katika baraza lake Riyadh akimpokea waziri wa mafuta wa Kuwait. Katika msafara aliingia Faisal bin Musaid, mtoto wa nduguye, mdogo wa yule Khalid aliyeuawa 1965. Mfalme aliinama amkumbatie kijana wake. Kijana akatoa bastola na kumpiga risasi. Alikufa muda mfupi baadaye. Wako wanaosema kilikuwa kisasi cha ndugu, wako wanaosema kuna mkono wa nje; mahakama ya Saudia ilimhukumu kijana, na Juni mwaka uleule akauawa kwa upanga. Faisal alizikwa makaburi ya Al-Oud, Riyadh, kaburi lisilo na jengo wala jina, kama desturi yao. Pakistan iliupa mji jina la Faisalabad, na msikiti mkubwa wa Islamabad unaitwa kwa jina lake. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Lakini hesabu ya vikwazo haikufungwa pamoja na kaburi lake. Mnunuzi aliyetishwa mara moja hakai tena kusubiri atishwe mara ya pili. Novemba 1973, vikwazo vikiwa bado, Marekani ilipitisha sheria ya kujenga bomba la Alaska. Mwaka 1974 nchi tajiri ziliunda shirika lao la nishati, na 1975 Marekani ikaanza kuweka ghala la akiba. Uingereza na Norway zikachimba Bahari ya Kaskazini. Magari yakatengenezwa madogo. Saudia, iliyosukuma karibu mapipa milioni 10 kwa siku mwaka 1980, ilishuka hadi chini ya milioni 4 mwaka 1985, kwa sababu wanunuzi walikuwa wamepata milango mingine na bei ilikuwa inaanguka. Leo Marekani ndiyo inayozalisha mafuta mengi kuliko nchi yoyote. Kwa hiyo anayeuliza mbona viongozi wa sasa hawafungi mfereji, sehemu ya jibu ni hii: duka la jirani limefunguliwa tena, kama 1967. Sehemu nyingine ya jibu ni ya nyoyo zao, na hiyo namwachia Mungu.

Na sisi je? Sisi Pwani hatuna kisima cha kufunga, lakini tuna mlango. Mafuta ya Uganda, kwa sehemu kubwa mno, hupita Mombasa. Mwaka 2023 nchi hizi mbili ziligombana. Kenya ilikuwa imeingia mpango wa kununua mafuta kwa mkopo kutoka Ghuba, na Uganda ikalalamika kwamba madalali wa Kenya wanaipandishia bei. Ikataka kampuni yake ya taifa iagize yenyewe. Kenya ikainyima leseni. Uganda ikapeleka kesi Mahakama ya Afrika Mashariki na kuanza kuzungumza na Tanzania kuhusu njia ya huko. Mwaka 2024 wakapatana, na kampuni ya Uganda ikaanza kuagiza yenyewe kupitia hapa hapa.

Barazani nilisikia wakati ule watu wakisema tuwabane Waganda, watakwenda wapi? Nikamkumbuka Faisal. Watakwenda Tanga. Tayari mwaka 2016, kwa sababu zao za gharama na usalama, waliamua bomba la mafuta yao ghafi kutoka Hoima lielekee Tanga wala si Lamu, na ndugu zetu wa Lamu wanajua kilichopotea. Mzigo ukihama bandari, anayekosa kibarua si waziri wa Nairobi. Ni kuli wa Kilindini, dereva wa lori wa Miritini, na mama anayewauzia mahamri na mbaazi alfajiri.

Faisal alikuwa na vitu vitatu ambavyo wanaotaka kubana wenzao mara nyingi hawana. Alisubiri miaka sita hadi alipokuwa na hakika mnunuzi hana pengine pa kwenda. Alionya kabla ya kufunga, na akafunga hatua kwa hatua. Na alipopata kile kilichowezekana, alifungua, ijapokuwa alilaumiwa na wenzake. Pamoja na hayo yote, masikini wasiokuwa na kosa walilipa, na wateja wakaondoka polepole.

Tumwombee maghfira mzee huyo, na tumheshimu kwa aliyoyatenda. Lakini siku tutakaposikia tena mtu akisema tufunge mlango wa bandari ili jirani atii, tumuulize kwanza maswali mawili: jirani ana mlango mwingine? Na nyumba ya nani itakosa chakula kabla ya yake?

Wabillahi tawfiq.